Kidole Kidogo

Tulikuwa watoto wa Chikongola. Umeme ukikatika
tulifunika tochi kwa viganja
tukacheka: mkono umegeuka kaa!
Mwanga uliingia mweupe, ukatoka mwekundu.
Hakuna aliyeuliza rangi nyingine zimebaki wapi.

Siku hizi ndiyo kazi yangu, kuuliza.
Zimebaki kwenye damu.
Damu hula buluu, hula kijani,
manjano huitafuna taratibu;
nyekundu peke yake ndiyo huiponyoka.

Na kimulimuli, mdudu wa masika,
taa yake ni ya kijani inayoelekea manjano.
Aliiunda ya kumwitia mchumba majanini,
hakuwaza ini la panya,
hakuwaza vimelea vya malaria vilivyojibanza humo
ambavyo sisi tumevipandikizia jeni yake
ili vijitangaze.
Vinajitangaza. Nyama inawaziba midomo.

Basi nachora upya.
Meza yangu iko Chuno, nyuma ya stoo ya viti vibovu.
Molekuli yenyewe ni ndogo, ina atomi mbili za kiberiti,
naam, kiberiti, jina lile lile la kisanduku cha jikoni,
kana kwamba lugha ilishajua.
Naikata huku, nairefusha kule,
naongeza kifungo maradufu, na kingine,
kwani elektroni ikipata uwanja mrefu wa kukimbilia
rangi husogea kwenye wekundu.
Kwenye karatasi kila kitu huwaka.

Ya tisa haikuyeyuka katika maji.
Ya kumi na nne iliharibika kwenye friji, siku tatu bila umeme.
Ya ishirini na mbili, ah, ya ishirini na mbili!
Hesabu zilisema itatoa wekundu wa bibo lililoiva.
Kimeng'enya kikaipapasa, hakikuitambua.
Nikaandika daftarini: giza. Tarehe. Saa.

Jumapili nikaenda Nanyamba kwa shangazi Somoe.
Amebangua korosho tangu sijazaliwa;
mafuta ya maganda yamemla ncha za vidole
hadi mistari ikafutika, zikabaki kama mgongo wa kijiko.
Alikuwa ametoka kusajili simu.
"Vidole laini," akasema, "vimeninyima laini.
Dole gumba, mashine hapana. Cha shahada, hapana.
Kijana akaniambia, mama, wewe hupo.
Nikamwambia nipo, jaribu hiki."
Akaninyooshea kidole kidogo cha kushoto,
kile kinachokaa pembeni wakati wenzake wanaungua.
"Ikalia, ti! Nikawepo."

Nilicheka naye. Kicheko kikanikwama katikati.

Nilikuwa nimeikwaruza ncha ile ile
ambayo kimeng'enya huishika ili kujua huyu ni nani.
Nikarudi mezani, ncha hiyo nikaiacha
kama mdudu alivyoiacha.
Mkia nikauhamishia upande wa pili,
pembeni, pasiposhikwa na mtu.

Miezi mitano. Ya thelathini na moja.
Panya amelala usingizi wa dawa ndani ya sanduku jeusi,
jenereta linakohoa uani,
nami naomba lisizime.
Kamera haioni rangi, inahesabu tu chembe za mwanga;
kompyuta ndiyo hupaka madoa yake ya mapambo.
Kwa hiyo sikutazama picha, nilitazama namba.
Jana, na molekuli ya mdudu: sitini.
Leo: elfu nne mia mbili na kumi na moja,
zote zimetoka palepale penye ini.

Dakika ya nane zilikuwa zimeporomoka.
Haidumu. Kuna kitu kinaivunja, sijui bado ni nini.
Nikaandika hilo pia, kwa wino ule ule.

Halafu nikapiga simu Nanyamba.
"Shangazi, kuna kitu nilikuwa nakiambiwa hakipo.
Usiku huu kimelia, ti."
Akanyamaza kidogo.
Akauliza kama nimekula.